Mgeni Rasmi wa Choo cha Nyuma ya Soko

Saa moja asubuhi, mwezi wa saba, katikati ya mji wa Sumbawanga, Isakwisa alikuwa amebanwa. Si adabu kumtambulisha mtu kwa haja yake ndogo, hasa mtu mwenye suti, lakini mipango yote mikubwa ya maisha yake ilimjia akiwa amebanwa na kitu: njaa, baridi, mwenye nyumba, au askari. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya kibofu.

Alikuwa amesimama nyuma ya soko, mbele ya choo kipya cha umma. Lilikuwa jengo zuri kuliko nyumba zote alizowahi kufukuzwa. Bati la bluu, vigae mpaka ukuta wa nje, tangi la maji juu ya mnara wake, wanaume huku, wanawake kule, na katikati chumba cha mhudumu chenye kidirisha cha kupokelea hela. Mbele ya yote hayo kulikuwa na mlango mmoja wa nondo, na kwenye mlango wa nondo kufuli la ukubwa wa mkate. Choo kilikamilika mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Hakikutumika hata siku moja, kwa sababu kilikuwa kinamsubiri mgeni rasmi.

Hapa inabidi tujicheke wenyewe. Sisi watu wa mji huu tunaweza kupita mbele ya choo kilichokamilika, tumekunja uso na kubana magoti, tukaenda kumalizia shida zetu nyuma ya maghala ya mahindi, na tusione ajabu yoyote. Jengo halijazinduliwa. Utaingiaje kwenye jengo ambalo halijakatiwa utepe? Ni sawa na kula ubwabwa wa harusi kabla bwana harusi hajafika. Waliojenga walikuwa mradi fulani ambao jina lake lilishaliwa na jua kwenye kibao. Ofisi moja ilidhani mgeni ataletwa na ofisi nyingine, hiyo nyingine ikadhani vivyo hivyo, na wananchi tukaendelea kulowanisha kuta za maghala kwa uvumilivu mkubwa.

Isakwisa akaenda akalowanisha naye. Aliporudi, mwepesi wa mwili na wa akili, alikitazama tena kile chumba cha katikati. Kilikuwa na mlango ulioachwa wazi, na mlango ulikuwa na komeo upande wa ndani.

Tuseme ukweli wake wote, kwa kuwa mwenyewe hatausema. Alitoka Mbeya miaka mitatu nyuma kuja kuuza pampu za sola ambazo hazikuwepo. Pesa za pampu ziliisha, akabaki yeye na suti. Tangu hapo alishakuwa mshauri wa kilimo, wakala wa bima ya ng'ombe na mtafiti wa viazi, na kwa mwezi mzima uliopita alikuwa abiria. Yaani alilala stendi, mkoba mapajani, akijifanya anasubiri basi la alfajiri, mpaka mlinzi alipomuuliza kwa upole kama basi lake bado linatengenezwa kiwandani. Sasa alikuwa analala popote upepo unapochoka, na upepo wa Ufipa mwezi wa saba hauchoki. Zamani aliota mamilioni. Siku hizi aliota komeo.

Kwenye baraza la choo, nje ya nondo, palikuwa na watu watano walioamka. Wabeba mizigo watatu walikuwa wanakunja maboksi yao. Wa nne, mkubwa kuliko wote kwa umbo, alikuwa Masanja, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wa ukoo mpaka bonde la Rukwa, kule Mtowisa, akapanda tena huku juu bila hata mkia. Alikuwa amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Na alikuwepo Mama Otilia, mjane wa Kifipa wa miaka sitini na ushee, aliyewapikia mafundi wakati choo kinajengwa na akabaki palepale walipoondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umelalaje?"

"Kwa awamu." Isakwisa akaonyesha jengo kwa kidevu. "Hapa mnasubiri nini?"

"Mgeni rasmi," akajibu Mama Otilia, kwa sauti ile ile watu wanayosemea mvua.

Isakwisa akamtazama yule mama, akatazama kufuli, akatazama komeo. Kama mgeni rasmi mwenyewe haji, aliwaza, basi atafutwe mwingine. Wanaotaka kuwa wageni rasmi wamejaa mjini. Na mgeni akishakata utepe, lazima amkabidhi mtu ufunguo mbele ya umati; kitu kilichokabidhiwa mbele ya umati hakuna ofisi itakayokinyang'anya.

Kufika saa nne suti ilikuwa imepanguswa vumbi, na mwenye suti amekaa mbele ya mzee Baltazari, kwenye ghala lake la mahindi, akiwa Katibu wa Kamati ya Uzinduzi.

Baltazari alikuwa na maradhi mawili yasiyopatana. Alipenda sana heshima, na alichukia sana kutoa. Alishakuwa mgeni rasmi kwenye vipaimara, kwenye harusi za wasiomjua, na kwenye mahafali ya chekechea alikohutubia dakika arobaini mpaka wahitimu wakasinzia. Bahasha zake zilikuwa maarufu: ilibidi uinyanyue juani ndipo uone kama kuna kitu. Sasa alikuwa anautaka udiwani, na udiwani unataka watu wakuone umesimama mbele ya kitu cha matofali.

Isakwisa hakumwomba chochote. Alikuja, alisema, kumpa pole. Kamati ilikaa na kupendekeza majina matatu ya wageni rasmi, na jina la mzee limetokea la tatu.

Baltazari akaacha kuchambua punje kiganjani. "La kwanza la nani?"

"Kamati ina maadili yake, mzee wangu."

"Ni yule wa mashine ya kukoboa."

Isakwisa akainamisha macho kwa majonzi ya mtu aliyekula kiapo. Hakumjua yeyote wa mashine ya kukoboa.

Ikafuata nusu saa ambayo Baltazari alibembeleza na Isakwisa akasitasita. Mwishoni katibu akakubali kuumia kwa ajili ya mzee. Masharti yalikuwa madogo: tangi lijazwe maji, jiwe la uzinduzi lichongwe, na wananchi wapikiwe ubwabwa. Baltazari akauliza kwa tahadhari kama kutakuwa na risala.

"Lazima, mzee. Uzinduzi bila risala si utapeli huo?"

"Ina maombi mangapi?"

"Moja tu. Kwamba ukifungua, ufunguo uukabidhi kwa katibu wa kamati, asimamie choo na akae kwenye chumba cha mhudumu."

"Hela haimo?"

"Hela haimo."

Baltazari alishusha pumzi, na uso wake ukapata amani ambayo haikuonekana tangu bei ya mahindi ilipopanda. Kufungua choo kilichojengwa na wengine, kwa risala isiyo na hela, ilikuwa biashara bora kuliko zote alizowahi kufanya. Akamwona Isakwisa ni mjinga wa kupendeza. Isakwisa naye akatoka akimwona Baltazari hivyo hivyo, wakaagana kwa kupeana mikono mara tatu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Jiwe lilipatikana kwa fundi wa makaburi, aliyekuwa na bamba moja la marumaru alilolikosea jina la marehemu. Akaligeuza upande wa pili akachonga kwamba choo hiki kimezinduliwa rasmi na ndugu Baltazari. Tangi likajazwa. Umati haukuhitaji kutafutwa, maana siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi, siku ambayo soko hujaa watu wa Mollo na vijiji vya jirani, na harufu ya ubwabwa ina sauti kuliko kipaza sauti.

Watu wa baraza aliwateua wote kuwa kamati. Aliwaahidi kwamba choo kikifunguliwa watalala ndani, kwenye stoo ya vifaa na kwenye ukumbi, mbali na upepo. Masanja alifurahi mpaka akavua koti moja. Ahadi yenyewe ilikuwa ya uongo, bila shaka. Mpango wa Isakwisa ulikuwa kufunga mlango wa nondo jioni ile ile ya uzinduzi, yeye akiwa ndani peke yake na komeo lake, na baraza aanze kulikodisha kwa boksi.

Kitu kilichobaki kumsumbua kilikuwa lile kufuli. Aliwaambia wanakamati kwamba itabidi wamtafute mtu mwenye msumeno.

"Wa nini?" akauliza Mama Otilia.

"Kufuli, mama. Ufunguo haujulikani uko wapi."

Mama Otilia akafungua fundo la kitenge chake kiunoni. Ndani ya fundo mlikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa mlikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na ufunguo, unang'aa, haujawahi kuguswa na kutu.

Isakwisa akainama kuutazama kwa karibu. "Unao tangu lini?"

"Tangu fundi mkuu alipoondoka. Aliniambia, mama, tunza huu mpaka aje mgeni rasmi."

"Mwaka mzima unalala nje, kwenye baridi hii, na ufunguo unao kiunoni?"

"Mgeni rasmi alikuwa hajaja," akasema Mama Otilia. "Na wewe hukuniuliza."

Isakwisa alikwenda nyuma ya ghala akacheka mpaka akashika ukuta. Katika kazi yake alishakutana na watu wa kila aina, lakini huyu alistahili kuwekwa kwenye maonyesho ya Nanenane. Aliporudi alimwomba ufunguo kwa heshima zote. Mama Otilia akaufunga tena kiunoni, akasema atamkabidhi mgeni rasmi mwenyewe, mkononi, kama alivyoagizwa. Isakwisa hakubisha. Ungetoka kwa mama, uende kwa mgeni, urudi kwa katibu. Safari mbili, lakini kituo cha mwisho ni kimoja.

Ijumaa alimpa mama suti yake aipige brashi kwa ajili ya sherehe. Katika mfuko wa ndani wa koti Mama Otilia alikuta kufuli jipya, bado limo kwenye pakiti yake, pamoja na funguo mbili zilizofungwa kwenye waya. Alilitazama. Akalitazama na baraza, na maboksi matano yaliyokunjwa. Kisha akalirudisha mfukoni kama alivyolikuta, akaendelea kupiga brashi.

Jioni yake Isakwisa alimfundisha risala. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo alimsomea mara tatu, naye akaikariri yote bila kukosea nukta, pamoja na ile sehemu ya kumkabidhi katibu ufunguo. Mwishoni akauliza jambo moja. Mzee Baltazari ni mtu wa nyumbani, na watakaojaa pale ni watu wa nyumbani. Je, si vizuri akiitoa kwa Kifipa? Kwa Kiswahili watasikia kwa masikio tu.

Isakwisa aliona ni wazo la dhahabu. Mwenyewe Kifipa chake kiliishia kwenye salamu na majina mawili ya pombe, na hiyo ilikuwa sera, si uvivu. Aliamini kwamba ukishajifunza lugha ya unaowatapeli, utaanza kuyasikia malalamiko yao.

Jumamosi saa nne umati ulijaa mpaka kwenye mabanda ya mitumba. Baltazari alifika kwenye gari lililooshwa, akiwa na mke, kofia, na msafara wa bodaboda mbili. Utepe ulikuwa umefungwa kwenye nondo. Mkasi ulikuwa juu ya sinia, juu ya kitambaa cheupe, umeshikwa na Masanja kwa mikono miwili kana kwamba ni mtoto wa kubatizwa. Mama Otilia akapiga magoti, akafungua fundo, kitambaa na nailoni, akampa mgeni rasmi ufunguo mkononi. Fundi mkuu, popote alipo, angejivunia.

Utepe ukakatwa. Kufuli likafunguka kwa sauti iliyowafanya baadhi ya watu wavue kofia. Halafu umati ukadai, na hapakuwa na jinsi ya kukataa, kwamba mgeni rasmi akifungue choo kikamilifu, yaani akitumie. Baltazari akaingia. Mlango ukafungwa. Watu mia nne walikaa kimya kabisa katikati ya soko, siku ya soko, wakimsubiri mwanasiasa mtarajiwa amalize. Yaliposikika maji yakishuka, vigelegele viliruka mpaka njiwa wa kwenye maghala wakahama. Akatoka anajifuta mikono, na tunaamini alikuwa na machozi.

Ndipo Mama Otilia akaitwa kwa risala.

Aliongea kwa Kifipa, taratibu, mikono tumboni. Watu wakaitikia kwa vichwa. Isakwisa, aliyekaa kiti cha mbele kulia kwa mgeni rasmi, alifuatilia kwa makini ya mtu aliyeiandika. Mama aliponyosha mkono kwenye baraza, akajua hapo ni utangulizi. Aliponyosha mkono kwenye ufunguo, akajua hapo ndipo penyewe, akapiga makofi, na umati ukapiga naye. Kisha akasikia jina lake, Isakwisa, waziwazi, na maneno mengi baada yake. Wazee wa Mollo wakageuka kumtazama kwa mshangao na heshima. Mama mmoja alijifuta jicho. Isakwisa akasimama, akafunga kifungo cha koti, akainama mbele, akainama kulia, akainama kushoto. Akakaa. Jina likatajwa tena, akasimama tena, na safari hii akaweka mkono kifuani. Alijiambia moyoni kwamba hakujua kama risala yake ilikuwa tamu kiasi hicho, pengine Kifipa ndicho kimeiongezea chumvi.

Baltazari akasimama kujibu. Alikuwa anameremeta. Alisema kwa kuwa wapo wageni wasiojua lugha, kama katibu wetu, atajibu kwa Kiswahili ombi baada ya ombi. Isakwisa akageuka kidogo aliposikia ombi baada ya ombi.

"La kwanza. Mmeomba ufunguo na chumba cha mhudumu apewe mama huyu, aliyeutunza mwaka na miezi miwili akilala nje. Nimekubali. La pili, hawa wenzake wa barazani walale stoo, wapokezane usafi na kuchukua ujira wao hapahapa dirishani. Nimekubali." Akatulia, akamwekea Isakwisa mkono begani. "La tatu limenigusa sana. Kwamba kijana huyu, msomi, mwenye suti, amejitolea kwa hiari yake kusafisha choo hiki bure, bila kulipwa hata senti, mpaka siku ya uchaguzi. Ndugu zangu, nimezunguka na kuzunguka. Sijaona."

Umati ulishangilia kuliko uliposhangilia maji. Baltazari mwenyewe alishangilia kwa dhati: maombi matatu, na hela haimo.

Isakwisa alimsogelea sikio. "Mheshimiwa, kuna marekebisho kidogo kwenye risala."

"Risala ikishajibiwa haina marekebisho, katibu," akasema Baltazari huku akipungia watu. "Na umeipigia makofi wewe mwenyewe. Ulisimama mara mbili."

Mama Otilia alipokea ufunguo kwa mikono miwili. Alipopita karibu naye, Isakwisa alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo siyo risala waliyokariri.

"Ile ilikuwa ya Kiswahili," akasema mama. "Kwa Kifipa haikuwa inakaa vizuri."

Isakwisa alidhamiria kuondoka alfajiri, akishapata nauli kwa njia zake. Ubaya wake, mji wote ulishamjua. Alikopita alisalimiwa kwa jina. Madereva wa bodaboda walimwita mfano wa kuigwa, mama ntilie mmoja alimpa maharage bure kwa sababu ya moyo wake, na mtu ambaye Isakwisa alitaka kumuuzia kiwanja hewa alimwambia, hapana, wewe ni yule anayesafisha choo kwa kujitolea, siwezi kukuhusisha na mambo ya viwanja. Jumatatu alikuja ofisa na faili. Akasoma jiwe, akaandika jina la mgeni rasmi, akasema kumbe wenzetu wa ofisi ile walishazindua, akatumia choo, akalipa, akaondoka ameridhika. Utapeli wa Isakwisa ukawa umerasimishwa na serikali kwa faida ya watu wote, ila yeye.

Na upepo ulikuwa bado unavuma. Jioni ya siku ya kwanza ya kazi, mgongo umekufa na viganja vinanuka dawa ya choo, alikuta chumba cha mhudumu kimejaa Mama Otilia, sufuria zake na koroboi. Stoo ilikuwa imejaa Masanja. Wabeba mizigo walijipenyeza palipobaki. Hakuna aliyemfukuza, lakini hapakuwa na hata sehemu ya kuweka soksi.

Mama Otilia akamtazama pale mlangoni alivyojikunyata. Akamwonyesha kwa ufagio upande wa wanaume. "Cha tatu hakivuti maji. Fundi ameahidi kuja. Tandika maboksi, kina komeo zuri."

"Nililala nikiomba mlango wenye komeo ndani," Isakwisa alimwambia Masanja kesho yake, wanapiga deki. "Sikufafanua ni mlango wa nini. Mimi ndiye mjinga, hata Mungu sijui kumwandikia risala."

Masanja alisema fundi naye akija, wampitishe kwanza kwa mgeni rasmi. Wakacheka mpaka ndoo ikamwagika, ikabidi waanze upya.

Fundi hajaja mpaka leo. Mama Otilia aliandikisha karatasi ya kwamba cha tatu ni kibovu akaibandika mlangoni, lakini watu wetu wakiwa wamebanwa hawasomi. Saa kumi na mbili kasoro, foleni ikishafika kwenye mabanda ya mitumba, mtu mmoja lazima agonge.

"Kuna mtu?"

Isakwisa huvuta koti juu ya masikio na kujisogeza kwenye maboksi yake. Siku za mwanzo alikuwa ananyamaza, kwa aibu. Sasa hivi hujibu kabla hawajamaliza kuuliza.

"Kuna mtu," husema. "Kuna mtu."